Swali Hilo Lilishajibiwa

Enzi zile vilima vilipokuwa vikisemezana, kila kilima kilikuwa na mnyama wake wa kupokea swali na kulipaza hadi kilima cha pili, mpaka apatikane mwenye jibu. Pimbi ndiye aliyekuwa mkongwe wao, na hakuna kilichomuudhi kama mgeni asiyejua utaratibu.

"Jamani, nimehamia jana," Digidigi alipaza sauti. "Maji yanapatikana wapi?"

"Swali hilo lilishajibiwa!" Pimbi alifoka, akamalizia kwa kikohozi chake kikavu. "Sikiliza mwaka mzima kwanza, ndipo ufungue mdomo."

Digidigi akanywea. Akateremka bondeni, uani kwa Fisi, ambako kila mmoja aliruhusiwa kuuliza lolote, ingawa kila wiki kulikuwa na mmoja asiyeonekana tena. Wengine wakamfuata, kilima baada ya kilima.

"Afadhali," alisema Pimbi. "Sasa pametulia."

Miaka ikapita, macho yake yakaingia ukungu. Asubuhi moja akasikia mbawa nzito zikipasua hewa juu yake.

"Jamani! Tai anatokea upande gani?"

Kimya. Akauliza tena. Ndipo kilima cha tatu kikaitika, na moyo wake ukaruka kwa furaha: kumbe bado yupo mtu!

Alikuwa Kasuku, aliyebaki huko peke yake na maneno aliyoyasikia mara nyingi kuliko yote.

"Swali hilo lilishajibiwa!" alisema Kasuku, akamalizia kwa kikohozi kikavu.

Pimbi aliitambua sauti yake mwenyewe. Kisha kucha zikafika.