Kaa Aliyekataa Kuvua Gamba

Huko kwenye matope ya mikoko, Kaa alipewa zamu ya kulinda tundu la ukoo wake, naye alililinda kwa ukali. Hata wimbi likija, aliinua gando na kufoka, "Nani huyo?"

Akaendelea kukua, gamba likaanza kumbana. Jirani yake Konokono, asiyechoka kuuliza, akamwambia, "Ndugu yangu, wenzako wote wamevua gamba. Wewe je?"

"Nikivua nitakuwa laini kama uji. Adui akija?"

"Kwani amewahi kuja?"

Swali lile likamwasha Kaa kuliko hata gamba lenyewe. Mwishowe akajificha chini ya jiwe, akalivua, akangoja hadi jipya likakauka. Kisha akarudi mbio kwenye zamu yake.

Lo! Tundu halikumtosha tena. Liliingia gando moja tu. Na mle ndani mdogo wake, aliyekwisha kushika zamu, akainua gando lake na kufoka, "Nani huyo?"

Kaa alifungua kinywa ajitaje, akasita. Akageuka, akaiona pwani yote ilivyo kubwa.

"Hata mimi sijui bado," akasema. "Ngoja nikatazame."