Atu Amehamia Alto

“Huyo si Atu,” nilimwambia mume wangu.

“Mama Atu, hebu sikiliza vizuri. Amehamia sauti ya alto. Sasa angekuwa na miaka kumi na saba.”

Kila mwaka mtambo wa taifa huzikuza kiumri sauti za watoto waliokufa daraja lilipoanguka, ili waimbe na okestra siku ya kumbukumbu. Sisi wazazi huletewa rekodi za mazoezi nyumbani tuthibitishe kuwa sauti ni za watoto wetu.

“Atu alikuwa akidakia kiitikio kabla ya wenzake, kila Jumapili. Mwalimu wa kwaya alimfinya mpaka mwenyewe akachoka. Huyu hakosei hata mara moja.”

“Si amekua?”

“Hakukua, Baba Atu. Alikufa.”

Nilibonyeza “Ondoa” kwenye skrini kabla hajanishika mkono.

Kwaya iliendelea kuimba. Pengo halikusikika.