Kidole Kwanza

Bonge alikuwa anakanyaga baiskeli isiyokwenda popote. Usoni kafungwa barakoa yenye bomba refu kama mkonga wa tembo, na bomba limeingia kwenye mashine inayopima pumzi.

"Kanyaga, usiniangalie mimi," akasema Kocha, mwenye chumba cha mazoezi pale hospitali.

Dada yake Bonge alikuwa kwenye benchi, miguu imevimba. Figo zake zote mbili zilishagoma, anaishi kwa kusafishwa damu. Mama yao alipokufa, huyu dada ndiye aliyemlea Bonge, akambeba mgongoni mpaka watu wakadhani kamzaa yeye. Sasa Bonge anataka kumpa figo moja. Damu zao zinaendana. Kikwazo ni sukari ya Bonge na lile tumbo.

"Mwili huo ungekuwa gari, wangeshauuza chuma chakavu," Dada akasema, akacheka peke yake.

Bonge hakucheka. Siku hizi hakuna kitu kilichokuwa kinamwingia. Anapakia saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi mchana kutwa, anakuja kukanyaga, anakula majani kama mbuzi, analala. Ukimuuliza anajisikiaje, anakwambia kawaida.

Kocha akazima mashine. "Zamani kwa mzigo huu ulikuwa unahema kama mbwa juani. Leo mzigo ni uleule, pumzi kidogo tu. Mwili umejua kubana matumizi. Na tumbo limekwenda. Mtu akifika hapo, mara nyingi sukari nayo inashuka."

"Yangu haishuki."

"Yako ina kiburi."

Hospitali ile ilikuwa na utaratibu mmoja: kidole kwanza. Kidole kikionyesha sukari imezidi, huendi maabara kubwa, hupangiwi kupasuliwa. Rudi nyumbani, ukakanyage tena.

Mwanzoni Dada alikataa katakata. "Nile figo ya mtoto niliyemlea? Mimi fisi?" Akanuna, hata salamu haitikii. Lakini siku ya kwanza ya kupimwa alimsindikiza, akakaa akimtazama nesi anavyofanya kazi yake, na walipokuwa njiani kurudi akalainika mwenyewe.

"Haya, mdogo wangu. Kidole kikikubali, na mimi nakubali."

Tangu hapo hakukosa kumsindikiza, hata siku ambazo kusimama kwenyewe ni kazi.

Nesi akaita. Dada akatoa kichupa chake cha losheni mkobani, kama kawaida yake.

"Lete mikono. Saruji imekupasua, utamchubua nesi wa watu."

"Dada, mimi si mtoto."

"Lete."

Akampaka kidole kimoja kimoja, polepole, kama alivyokuwa akimvalisha soksi enzi zile. Losheni yenyewe ya bei rahisi, inanata. Bonge alishazoea.

Nesi akafuta kidole cha kati juujuu kwa pamba kavu, akatoboa, akagusisha tone kwenye kijimashine. Namba ikatoka. Nesi akatikisa kichwa.

"Wewe na sukari yako mmefunga ndoa," Dada akasema. Akamshika bega. "Usijali. Tutarudi."

Wakarudi. Wakarudi tena. Bonge akakonda mpaka wenzake dukani wakawa wanamwita Bonge Mstaafu. Kidole kikakataa vilevile. Halafu asubuhi moja Dada hakuamka.

Bonge hakulia. Alibeba, alifukia, alishukuru watu. Mashangazi wakanong'ona kwamba kijana huyu moyo wake jiwe. Hawakujua kwamba kichwani mwake kulikuwa na neno moja tu linazunguka, asubuhi mpaka jioni: mwili wangu ndio uliomuua.

Wageni walipoondoka akaenda kusafisha chumba cha Dada. Akakunja shuka. Akatoa viatu. Chini ya kitanda akakuta kopo la glukosi, ule unga ambao Dada alisema anakoroga akiishiwa nguvu. Tupu, limekombwa mpaka chini. Akalitupa kwenye taka.

Ndipo akaona sisimizi. Mstari mmoja mwembamba, umeingia dirishani, umeshuka ukutani, umepita mezani kando ya kipande cha mkate bila hata kukigeukia, ukazama kwenye mkoba wa Dada. Akaufungua. Walikuwa wamejazana kwenye shingo ya kichupa cha losheni, wanapandiana migongoni.

Bonge akawapuliza, akafungua kifuniko, akachovya kidole cha kati. Akakilamba.

Ilikuwa tamu.