Mama Ngiri Ampeleka Mwanawe kwa Kigong'ota

Tangu mwanawe aanze kutembea, Mama Ngiri alimlea kwa tisho moja: "Ukinisumbua, nakupeleka kwa Kigong'ota akung'oe meno." Mtoto akatii. Kisha jino lake likaoza kweli, na daktari wa meno porini alikuwa huyo huyo Kigong'ota.

"Twende, mwanangu. Kigong'ota ni mpole sana."

"Nimekosa nini, mama?" mtoto aliuliza, akafumba mdomo, asiufungue hata walipofika.

Mbele ya daktari, mama aliona haya, akaachama yeye ili mtoto aone hakuna la kuogopa. Kigong'ota akachungulia, akagonga jino moja.

"Tuanze na hili la mama," akasema, akaling'oa.

Mama alitoka analia. Jino bovu la mtoto likarudi nyumbani kama lilivyokuja.

Njiani mtoto akamwuliza taratibu, "Na wewe, mama, ulimsumbua nani?"