Mpigaji wa Saa Saba na Dakika Kumi

Simu ilianza kuita saa saba na dakika kumi mchana, kama jana, kama juzi. Fundi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akaitazama ikitetemeka juu ya meza ya kukatia. Namba ilikuwa ile ile.

Aliiacha iite mpaka karibu inyamaze, ndipo akapokea.

"Haloo?"

Mtu alikuwa akipumua. Nyuma yake chuma kiligonga kitu, kli, na sauti nyingine ikaguna kama ya mtu aliyezibwa mdomo. Kisha simu ikakatwa.

"Leo nimesikia kisu," alimwambia wifi yake, aliyekaa kwenye kiti cha wateja akifumua pindo la suruali.

"Kisu kinasikika kwenye simu?"

"Chuma, basi. Na mtu anaguna."

Wifi hakucheka. Wote wawili walijua mambo yalianzia wapi.

Mwaka uliopita, kampuni moja ya sabuni ilisikia wimbo ambao fundi aliutunga mwenyewe hapo hapo kwenye cherehani, ikautaka kwa tangazo la redio. Fundi hakuwa mtu wa kuburuzwa. Aliwapa leseni ya mwaka mmoja, ya redio tu, na akataka mkataba useme kwa herufi nzito kwamba wimbo unabaki mali yake. Kila mchana, baada ya taarifa ya habari, sauti yake ikawa inaingia majumbani mwa watu. Mwaka ulipokwisha, kampuni ikarudi na karatasi nyingine. Safari hii walitaka kuununua wimbo wote, auachie moja kwa moja.

"Mlipanga chumba," fundi alimwambia mwanasheria wao. "Sasa mnataka hati ya nyumba?"

Mwanasheria alifunga mkoba wake taratibu. "Kama ndivyo, leo hii tunautoa redioni. Ila wenzangu si watu wa kukata tamaa, fundi. Watakutafuta."

Wiki iliyofuata, simu zikaanza.

"Si uwauzie tu, yaishe?" wifi alisema sasa. "Wimbo utatunga mwingine. Shingo huwezi kuitunga."

"Nikiwauzia, siku nikiuimba mbele za watu wananishtaki. Wimbo wangu mwenyewe! Siutoi, wifi."

"Basi angalau pokea simu zetu sisi wengine. Kukupigia wewe siku hizi ni kama kwenda tamasha, mtu anakaa mpaka wimbo uishe."

Fundi hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akiutazama mlango.

Kesho yake aliamua kuwaonyesha kwamba haogopi. Simu ilipoita tu, akaidaka.

"Sema unachotaka!"

Ikakatwa. Ikaita tena, akaidaka tena, ikakatwa. Ikawa hivyo mara tano mfululizo. Mara ya tano mpigaji alichelewa kidogo kukata, na fundi akamsikia akisema kwa sauti ya chini, si kwake bali kwa mtu aliyekuwa naye:

"Fungua mdomo. Nakuomba, fungua."

Kumbe kuna mtu wanamtesa, na anayefuata ni yeye. Alikimbilia kituo cha polisi na vipande vya uzi vikiwa bado vimemng'ang'ania kwenye sketi.

"Amekutisha kwa maneno gani?" askari aliuliza.

"Hajasema neno. Anapumua tu."

"Sasa mama, tumkamate kwa kupumua?"

Aliporudi alizima simu kabisa, akaisukumia ndani ya droo ya vifungo.

Siku iliyofuata, saa saba na dakika kumi ikafika, ikapita. Ikapita na nusu saa. Alidhani angepumua, lakini kila dakika mbili aliutazama mlango. Wifi hakuwa amekuja. Fundi alikuwa ananyanyuka ili afunge duka mapema alipomwona mwanaume ng'ambo ya barabara, akisoma kibao cha duka lake, akitazama simu yake, akisoma kibao tena. Kisha mwanaume akavuka, mbio mbio, bila kuangalia magari.

Fundi alikamata mkasi mkubwa wa kukatia, akarudi nyuma ya meza.

Mwanaume aliingia akihema. Shati lake lilikuwa na madoa mabichi kifuani, na mkono mmoja ulikuwa mfukoni, umeshika kitu.

"Wewe ndiye mwenye namba hii ya kibaoni?"

"Usisogee! Mwambie aliyekutuma kwamba siuzi. Na utoe huo mkono, niuone!"

Mwanaume aliutoa mkono polepole. Ulikuwa umeshika kijiko.

"Sijatumwa na mtu," alisema, akikitazama kana kwamba naye alishangaa kukikuta. "Nimetoka nyumbani mbio. Leo simu yako haipatikani kabisa, na mke wangu hajala tangu juzi."

"Mke wako na simu yangu, wapi na wapi?"

"Alipata kiharusi. Alikuwa anakubali kula pale tu wimbo wako ulipopigwa redioni. Walipoutoa nikazunguka maduka yote ya muziki, wananiambia mwenyewe hajauruhusu. Siku moja nikakupigia, nilitaka umpunguzie gauni, amekonda sana. Nikakuta unaimba wimbo ule ule humo humo kwenye simu, wakati inaita."

Mkasi ulishuka wenyewe mkononi mwa fundi. "Sasa baba, mbona nilipopokea hukusema? Ungeniambia tu."

"Niliona aibu." Mwanaume alifuta kijiko kwenye shati lake. "Iwashe simu, fundi. Nami nikipiga, nakuomba usipokee. Ukipokea, anafunga mdomo."