Kigimbi cha Zacharie

Kamba ya kupimia ilikuwa imezunguka kigimbi cha Zacharie, na mama yake aliikaza kama mtu anayefunga mzigo.

"Bado," alisema Mama Rachelle. "Na siku hazitoshi."

Zacharie, mfanyakazi wa reli na mzaliwa wake wa kwanza, hakuuliza siku za nini. Homa ya matumbo ilikuwa imemlaza miezi miwili, miguu ikabaki mifupa. Mama yake akateremka kutoka kwao Kirungu, milimani, na mtungi wa uji wa mtama uliochachuka, akachukua ufunguo wa nyumba. Tangu siku ile, kila asubuhi, hakuna aliyemwekea kitu mdomoni kabla yake.

Uji ulinuka. Mama Rachelle alimweleza kama alivyofundishwa na Emilie, muuguzi wa mtaa: dawa za hospitali ziliua vijidudu vibaya tumboni, zikaua na vile vizuri pamoja; uji mchachu unasaidia kuvirudisha. Lakini mtu akinywa na kulala tu, nyama ya miguu inaisha. Basi alimsimamisha, akamkalisha, akamsimamisha tena, mara ishirini. Halafu kilima. Katikati ya kilima mama mwenyewe alikaa juu ya jiwe, mkono ubavuni, akamwamuru apande peke yake.

"Anakunonesha kwa ajili ya nani?" jirani yake Blanchard alimtania.

Zacharie hakucheka. Alikuwa amekwisha kuona kwamba mama yake mwenyewe hagusi ule uji. Siku zile hakuwa akigusa chakula chochote mbele yake.

Jumatatu alirudi kutoka kilimani, akamkuta Landry uani, yule fundi wa masanduku ya maiti, anakunja mita yake ya kupimia. Landry alipomwona alitazama chini. Akamwuliza Mama Rachelle kama ndani aweke kitambaa cheupe. Mama akajibu, cheupe.

Zacharie alikitazama kikombe chake cha uji. Sasa aliufahamu ule uji, na ufunguo, na siku zisizotosha. Fundi alipotoka, alikisukuma kikombe mpaka kikamwagika.

"Mama, uliweka nini humu? Unanizika niko muzima?"

Mama Rachelle alikaa chini polepole, kwa awamu, kama mtu anayeteremka ngazi gizani.

"Landry amenipima mimi, mutoto wangu," alisema. "Na kwetu Kirungu mama hapandishwi gari siku ya kuzikwa. Muzaliwa wa kwanza njo anamubeba, kwa miguu."