Mama Hataki Kuona

"Mama hataki kuona," Adinani alimwambia mtaalamu wa macho, huku akikwepa kumtazama usoni.

Doris alikuwa anamjaribishia miwani. Akaishusha. "Baba, mtu gani huyo asiyetaka kuona?"

"Ni mtu mzima. Ameshazoea."

Nje ya darasa la shule ya Mbekenyera, wanajeshi wastaafu walikaa kwenye madawati wakisubiri kuitwa, wakitaniana ni nani aliyekuwa na shabaha zamani na nani aliyemaliza risasi kwa kupiga miti. Huduma hii Doris aliianzisha mwenyewe, mwaka huo wa 2003. Kule Nachingwea alikuwa amewaona wazee waliopigana vita vya Kagera wakiweka dole gumba kwenye karatasi. Kusoma walijua, ila mistari hawakuiona. Akamwomba mwenyekiti wao awakusanye kijiji kwa kijiji, akapakia ubao wa herufi na sanduku la lenzi, akaingia barabarani. Yeye ni Mhaya wa Kyaka. Vita vilipofika kwao alikuwa mtoto mdogo, na hakuwasahau vijana wa kusini waliokuja kuwakomboa.

"Nyinyi mlikuja kwetu," alisema. "Mzazi wako ni mzazi wangu. Nimemwona asubuhi nilipopita kwenu, mboni zote nyeupe. Ule ni mtoto wa jicho tu. Mimi sipasui, lakini wiki ijayo daktari wa upasuaji anakuja Nachingwea. Nitampeleka kwa gari langu."

Adinani alitafuta uongo mwingine, akaukosa. Jasho lilimtoka kama mtu aliyekutwa na korosho za jirani.

Maana hakuwa Adinani. Jina lake ni Masoudi, yatima wa Tunduru asiye na wa kumsubiri. Adinani mwenyewe alikuwa rafiki yake, na alizikwa kulekule vitani. Siku hiyo zamu ya doria ilikuwa ya Masoudi. Tumbo lilikuwa linamsokota, Adinani akamwambia, wewe lala, nakwenda mimi. Hakurudi tena.

Vita vilipokwisha, Masoudi alifunga safari kumletea mama wa rafiki yake habari hiyo, pamoja na begi la turubai ambalo mama huyo alimshonea mwanawe kwa mkono. Njiani, karibu na nyumba, alisimama akalia mpaka akatosheka, akajifuta, akaingia uani. Bibi Hajra, mama yake Adinani, alikuwa anapepeta ufuta. Adinani alishamwambia Masoudi kwamba macho ya mama yameanza kufa. Mama akainuka, akampapasa kichwa, mabega, mashavu.

"Mwanangu," akasema, "umerudi."

Masoudi akafungua mdomo aseme ukweli. Kilichotoka ni, "Nimerudi, mama. Aliyekufa ni rafiki yangu, Masoudi."

Kijijini hakuna aliyeshtuka. Wengi walikuwa wamehamishiwa pale kutoka huku na huku wakati wa vijiji vya ujamaa, Adinani akiwa tayari jeshini, na sura yake hawakuijua. Masoudi akalima, akaoa, akazaa, watoto wakaitwa kwa jina la marehemu. Miaka ikapita, macho ya Bibi Hajra yakazimika kabisa. Masoudi, Mungu amsamehe, akashusha pumzi.

Kilichomtesa ni hitima. Kila mwaka baada ya mavuno, Bibi Hajra alipika wali, akamwita mwalimu wa madrasa amsomee dua kijana aliyebaki vitani. Mwalimu akiuliza jina la marehemu, bibi alijibu, "Mungu anamjua." Masoudi alikaa mkekani na wenzake, akala wali wa kifo chake mwenyewe. Mara nyingi alitaka kusema. Lakini mama hakuwa na namna nyingine ya kumwita ila "mwanangu", na neno hilo likishatoka, Masoudi aliona aibu, akachukua jembe akaenda shambani.

Doris hakungoja ruhusa yake. Alikwenda nyumbani akamuuliza bibi mwenyewe.

"Nani kasema sitaki?" Bibi Hajra akacheka. "Nipelekeni. Nataka nimwone mwanangu."

Asubuhi ya kufunguliwa bandeji, Masoudi alisimama mlangoni mwa wodi ameshika mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na nguo zake, si za mama. Alishaamua: bibi akimkana, ataondoka hapohapo, asirudi Mbekenyera hata kumuaga mkewe. Mtu aliyekula kwa jina la marehemu miaka yote hiyo angewatazama vipi watu?

"Sogea, baba, akuone," Doris alimwita kwa furaha.

Masoudi akapiga magoti kando ya kitanda. Maneno aliyapanga njia nzima: nisamehe mama, ile ilikuwa zamu yangu, wa kufa nilikuwa mimi. Muuguzi akabandua bandeji taratibu. Bibi Hajra akapepesa macho, akafutwa chozi, akatazama dirisha, akamtazama Doris, kisha akamgeukia yeye. Akamtazama kwa muda mrefu. Masoudi akainamisha kichwa.

Mkono wa bibi ukamwinua kidevu.

"Umezeeka, Masoudi," alisema. "Siku ile nilikuona tangu kule njiani, umebeba begi la mwanangu, unalia."